Sehemu Tano za Murvedri

Februari, ghala la baba chini ya nyumba,
nyuzijoto kumi na mbili, hazipandi, hazishuki.
Mezani chupa tatu zisizo na karatasi,
silinda ya kupimia iliyomeguka mdomo,
mkate wa jana, ndoo ya kutemea.
Kaka yangu Fulcran hajavua koti.
Amekuja kuchanganya, hakuja kukaa.

Tunaanza na Grenashi, kama alivyoanza baba.
Huyu ni mtoto wa uwanda wa juu wa Rocalbe,
penye mawe ya mviringo, makubwa kama mikate,
yaliyosuguliwa na mto Roni
kabla mto haujabadili nia ukahama.
Udongo huuoni. Wageni huuliza: mmepanda mawe?
Mchana mawe hula jua, usiku hulitoa polepole
chini ya vichala, kama mtu aliyeshindwa kulala na siri.
Ndiyo maana Grenashi ina joto la mwili,
stroberi iliyopikwa, pilipili manga kwa mbali,
na ulevi unaobisha hodi ukishaingia.
"Tamu mno," anasema Fulcran. "Haina mifupa."

Mifupa iko kwa Sira,
Sira ya mteremko wa kaskazini, unaochelewa kupata jua,
nyeusi kama wino wa karani,
inanukia zeituni, moshi, hatamu za farasi aliyetoka kazini.
Inakaza ufizi. Haikuchekei.
Fulcran anatabasamu kwa mara ya kwanza:
shamba lile alirithi yeye.

Halafu Murvedri.
Baba alisema mzabibu huu ni bwana mkubwa,
anataka uso juani na miguu majini,
ukimnyima kimoja, ananuna mwaka mzima.
Mwaka jana alinuna.
Mistrali ilivuma siku tisa mfululizo,
ikang'oa vigae vya kanisa,
ikamlazimisha padri kuzika akiwa ameshika kofia,
na Murvedri, ya mwisho kuiva siku zote,
ikabaki njiani.
Niliivuna katikati ya Oktoba na Itto na mumewe,
vidole vimekufa ganzi, hakuna aliyeimba.
Shamba hilo nilirithi mimi.

Fulcran anaonja, anatema, anafuta mdomo.
"Nyama mbichi. Chuma. Iache nje."
"Baba hakuiacha hata mwaka mmoja."
"Baba amekufa. Benki haijafa."

Basi. Sitini na tano kwa thelathini na tano.
Tunatikisa, tunaonja.
Ni mvinyo mzuri, siwezi kusema uongo.
Unaingia mdomoni umevaa vizuri, unasalimu, unaketi,
kisha unaaga mapema
na ukumbi unabaki na viti.

Sikubishana. Nilikumbuka tu majira ya baridi,
mama akituletea kitandani jiwe la shambani
alilolipasha juu ya jiko la kuni,
akalivisha soksi ya sufu.
Jiwe moja, watoto wawili.
Tulipigana mateke chini ya blanketi kuligombea,
Fulcran akashinda, maana alikuwa mkubwa,
na alfajiri nikaliona upande wangu,
bado lina uvuguvugu.
Sikuwahi kujiuliza lilifikaje.

Saa mbili usiku akasema anashuka kuangalia bomba la pipa.
Alikawia.
Nikasikia gari likiondoka bila kwaheri.

Asubuhi nilishuka kabla ya kahawa.
Kwenye ubao wa baba, kwa chaki, mwandiko wake uliolala upande:
sitini na mbili, thelathini na tatu, tano.
Hapakuwa na neno jingine.
Kando yake bilauri, imefunikwa kwa kisahani.

Nikaonja.
Nyama mbichi ilikuwamo. Chuma kilikuwamo.
Nikameza, nikazima taa.
Ngazi za ghala ni kumi na tisa.
Nilizipanda zote, nikafungua mlango, upepo ukanipiga usoni,
na mvinyo ulikuwa bado haujaondoka.